Harufu Hufika Moyoni Kabla ya Akilini

Msomaji, ukitaka kujua ni kiungo kipi cha mwili kinachodharauliwa kuliko vyote, jiulize ni lini mara ya mwisho daktari alipokuuliza kama unanusa vizuri. Macho hupimwa, moyo husikilizwa, mkojo hupelekwa maabara. Pua huangaliwa tu inapotoka damu au inapoziba kwa mafua. Kwa maoni yangu dharau hii haina msingi wowote wa kitaalamu, na wanaoumia zaidi kwa sababu yake si wakazi wa mitaa ya kifahari bali ni wale wa mitaa kama Kisumu Ndogo.

Anayeijua Kisumu Ndogo, iwe ile ya Kibera iliyopakana na vijiji vingine kama Gatwekera na Mashimoni au ile ya Korogocho, anajua kwamba mtu anaweza kuipita akiwa amefumba macho na bado akajua amefika wapi. Hapa omena wanakaangwa. Pale mama anauza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kupelekwa viwandani. Mbele kidogo ni mandazi ya asubuhi, moshi wa makaa, mafuta ya taa, maji ya sabuni yaliyomwagwa kichochoroni, na chini ya yote hayo mtaro. Mgeni kutoka Lavington hunusa kitu kimoja tu, nacho ni uvundo. Mkazi hunusa vitu kumi na viwili, na baadhi yake humpa raha. Mtu aliyelelewa karibu na ziwa akipitiwa na harufu ya omena, hurudi kwao kwa mawazo kabla hata hajalitaja jina la kijiji chao.

Kwa nini harufu ina nguvu hiyo? Jibu limo katika jinsi pua ilivyounganishwa na ubongo, na sehemu kubwa ya tunayoyajua tumefundishwa na panya.

Juu kabisa ndani ya pua kuna ngozi laini yenye seli za neva zinazonasa harufu. Nyuzi za seli hizo hupanda kupitia mfupa mwembamba wenye vitundu kama chujio, zikaingia katika vifundo viwili vidogo vilivyolala chini ya ubongo upande wa mbele. Kutoka hapo habari hupelekwa sehemu kadhaa kwa mpigo mmoja. Mojawapo ni amigdala, kijisehemu chenye umbo la lozi ambacho kazi yake kubwa ni hofu, raha na tahadhari. Njia nyingine huelekea upande wa hipokampasi, panapotengenezwa kumbukumbu.

Sasa linganisha na macho na masikio. Habari za kuona na za kusikia hupitia kwanza thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, ndipo zigawanywe. Ni kama ofisi za serikali: kila mtu lazima aanzie kwa karani wa mapokezi, aandikishe jina na kusubiri. Harufu haipangi foleni. Inaingia moja kwa moja chumbani kwa mkubwa, na huyo karani hupata habari baadaye. Ndiyo maana unaweza kushtuka, kufurahi au kuchukia kwa sababu ya harufu kabla hujajua ni ya nini. Hata lugha yetu imeliona jambo hili. Kitu hunuka au hunukia. Herufi moja tu ndiyo inayobeba hukumu.

Mlango wa elimu hii ulifunguliwa mwaka 1991, pale Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walipotangaza kwamba wamegundua jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu katika panya. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Panya mdogo ana takriban jeni 1,000 za kazi hiyo. Binadamu tuna karibu 400 zinazofanya kazi. Usione aibu. Dhana kwamba binadamu hanusi vizuri ilienezwa katika karne ya 19, na utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba pua yetu ni hodari kuliko tulivyofundishwa.

Jaribio linalonivutia zaidi lilifanywa Japani. Mwaka 2007 watafiti wa Tokyo walitangaza kwamba wamewaondolea panya baadhi tu ya seli za kunusia, zile zinazopeleka habari sehemu ya juu ya vile vifundo viwili nilivyovitaja. Panya hao bado walinusa. Wangeweza hata kufundishwa kuogopa harufu fulani kwa kuadhibiwa. Lakini ile hofu ya kuzaliwa nayo, hofu ya harufu ya adui, ilitoweka. Walimsogelea paka kana kwamba ni jirani.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliendelea mbele. Walizima kwa muda ile sehemu ya amigdala inayopokea harufu, na panya wakaacha kukimbia harufu mbaya kwao na kuvutiwa na ile nzuri, ijapokuwa harufu walizofundishwa bado walizikumbuka. Maana yake, msomaji, ni kwamba kuna barabara mbili. Moja ni ya hisia tunazozaliwa nazo. Nyingine ni ya hisia tunazofundishwa na maisha.

Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waligundua kioja. Panya wa maabara walikuwa wakiingiwa na wasiwasi wanaposhikwa na mtafiti mwanamume, lakini si mwanamke. Fulana tu iliyovaliwa na mwanamume usiku kucha, ikiwekwa karibu nao, iliwatia wasiwasi vilevile. Majaribio mangapi ya dawa yamepotoshwa na jasho la mtu aliyeyafanya, Mungu ndiye ajuaye.

Hata hivyo, tusichukue yote ya panya tukambandika binadamu. Panya ana kiungo cha pili puani cha kunasia harufu za wenzake, ambacho kwetu hakifanyi kazi. Tena hofu nyingi za binadamu zinazoamshwa na harufu hazikuzaliwa naye. Amejifunza. Na hapo ndipo ninapotaka kurudi Kibera.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kibera iliungua. Soko la Toi liliteketea, nyumba zikachomwa, na Januari 2008 vijana waling'oa reli inayokwenda Kisumu. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, na wengi wetu tukadhani mambo yamekwisha. Lakini uliza wakazi. Wapo watu wazima leo, waliokuwa watoto wakati ule, ambao wakinusa mpira wa gari unaoungua huhisi moyo ukienda mbio, mikono ikitoka jasho na tumbo likisokota. Hawaoni kundi la watu. Hawasikii kelele. Wanaweza kuwa wamekaa kwenye matatu katika barabara ya Ngong, na mahali fulani mtu anachoma takataka tu.

Watu kama hao hufika kliniki wakilalamika kwamba wana "presha" au "vidonda vya tumbo". Wanapimwa presha, inaonekana sawa; wanapewa dawa za tumbo, na wanarudi baada ya mwezi. Wengine huambiwa na jamaa zao kwamba ni mapepo. Swali moja lingesaidia sana: je, hali hii hukujia baada ya kunusa kitu fulani? Harufu ya moshi, ya baruti, ya damu, ya pombe iliyokuwa ikinywewa na mtu aliyekuwa akikupiga. Ukijibu ndiyo, basi huenda tatizo ni kiwewe, na kiwewe kina tiba. Tiba ya mazungumzo kwa mtaalamu, ambamo mgonjwa hurudishwa kidogo kidogo kwenye kile anachokiogopa akiwa mahali salama, husaidia watu wengi. Ubongo unaojifunza hofu unaweza pia kufundishwa kwamba hatari imepita. Lakini hautafundishwa kwa vidonge vya tumbo.

Sasa nije kwenye neno linaloniudhi. Kila panapojadiliwa usafi wa vitongoji vyetu, hakosekani mkubwa wa kusema, "Wale wamezoea." Wamezoea harufu, wamezoea mitaro, wamezoea mifuko yenye kinyesi iliyokuwa ikirushwa usiku (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini haja ya choo haikupigwa marufuku). Kisayansi neno hilo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba pua ikikaa katika harufu moja kwa muda huacha kuitangaza. Ndivyo ilivyoumbwa, ili iwe tayari kunasa harufu mpya. Lakini pua kunyamaza si sawa na hewa kuwa safi.

Mfano mbaya kuliko yote ni wa vijana wanaoajiriwa kuchimbua vyoo vya shimo. Kinyesi kinapooza hutoa gesi inayonuka kama yai viza. Ikiwa kidogo, inanuka sana. Ikizidi, hulemaza neva za kunusia, na aliye ndani ya shimo hudhani kwamba hewa sasa imekuwa nzuri. Muda mfupi baadaye anaanguka. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Msomaji, kama wewe una nyumba za kupangisha, usimwingize mtu shimoni kwa sababu eti harufu imepungua. Na mtu akianguka humo, asishuke mwingine bila vifaa vya kupumulia. Hili nalisema kwa herufi kubwa ingawa mhariri hataziandika.

Nawajua wenzangu wa taaluma watakaosema kwamba harufu haiui, vijidudu ndivyo vinavyoua. Ni kweli, na ni John Snow aliyetuthibitishia huko London mwaka 1854 kwamba kipindupindu huja kwa maji, si kwa uvundo kama walivyoamini watu wa zamani. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1858, wakati wa kiangazi, mto Thames ulinuka vibaya mno kiasi kwamba pazia za Bunge zilichovywa katika dawa ya chokaa ili wabunge waweze kukaa. Kwa muda wa wiki chache sheria ilipitishwa, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mabomba makubwa ya maji taka. Kipindupindu kikapungua na hatimaye kikaondoka London. Wabunge wale walikuwa na sababu isiyo sahihi, lakini walitoa fedha. Bunge letu halikujengwa kando ya mto Ngong.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na kiwango cha kuridhisha cha usafi katika kifungu cha 43. Kwa hiyo mkazi wa Kisumu Ndogo anapokwenda kwa chifu au ofisi ya kaunti kulalamikia uvundo, asichukuliwe kama mtu anayedeka. Anatoa taarifa ya kiafya. Pua yake imefanya kazi ya kipimo ambacho kaunti haijanunua. Tena akili ya mtu anayelala, kula na kulea watoto karibu na kitu ambacho mwili wake umeumbwa kukikimbia haipati mapumziko. Siwezi kukupa kipimo chake kwa mizani, lakini sioni kwa nini tumwambie avumilie kitu ambacho sisi wenyewe tungehamia mtaa mwingine kukikwepa.

Kuna upande mwingine wa shilingi, nao ni wa wale ambao hawanusi kabisa. Kabla ya korona wengi hawakujua kwamba jambo hilo lipo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na baada ya hapo watu wengi walijikuta kahawa haina harufu na sukumawiki haina ladha. Kwa bahati njema virusi vile kwa kawaida hushambulia zaidi seli zinazozitunza neva za kunusia kuliko neva zenyewe, na ndiyo maana wengi walipona baada ya wiki chache. Wengine hawajapona hadi leo. Mafua makali, vinyama vya puani, kugongwa kichwa, uvutaji sigara na uzee pia huondoa uwezo wa kunusa. Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, mara nyingi huanza kwa kupoteza harufu miaka kadhaa kabla ya mkono kutetemeka.

Anayepoteza harufu hupoteza zaidi ya utamu wa chakula. Wataalamu wamejua kwa miongo mingi kwamba panya akiondolewa vile vifundo viwili vya kunusia, tabia yake hubadilika: huhangaika, huacha kufurahia vitu vitamu, na mwili wake huonyesha dalili zinazofanana na za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Panya hao wametumika kupimia dawa za sonona. Kwa binadamu pia, waliopoteza harufu hulalamika kwamba dunia imekuwa kama inayotazamwa kupitia kioo. Mama hamnusi mtoto wake. Mume hajui kama yeye mwenyewe ananuka jasho, hivyo anaoga mara nne kwa siku na kukaa mbali na watu. Nyumbani huambiwa, "Shukuru Mungu si macho."

Katika chumba kimoja cha mabati kuna hatari ya papo kwa hapo pia. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu. Watengenezaji huitia kemikali inayonuka vibaya makusudi ili uvujaji ujulikane. Asiyenusa hana habari. Maziwa yaliyochacha, nyama iliyoharibika, kibatari kilichopinduka usiku, yote hayo humpita. Mtu wa namna hiyo asiishi na mtungi wa gesi peke yake bila mwenzake wa kumnusia, na mtungi uwekwe karibu na mlango au dirisha. (Nitoe onyo kwa wenye pua nzima vilevile: hewa ya sumu ya jiko la makaa, ile inayoua watu waliofunga madirisha wakati wa baridi ya Julai, haina harufu hata chembe. Hapo pua ya mtu yeyote haisaidii. Toa jiko nje.)

Na kama umepoteza harufu, ufanye nini? Kwanza, muone daktari aangalie kama kuna kitu kinachoziba pua, maana vinyama na mzio hutibika. Pili, kuna mazoezi ya kunusa, yaliyopendekezwa na Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009. Walitumia harufu nne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Mgonjwa hunusa kila moja kwa sekunde kumi hivi, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Waliofanya hivyo walipata nafuu kuliko wasiofanya. Seli za kunusia ni miongoni mwa neva chache sana mwilini zinazozaliwa upya maisha yote, na mazoezi huelekea kuzisaidia.

Dawa hiyo haihitaji duka la dawa. Karafuu za shilingi chache unazipata Toi, limau kwa mama mboga, majani ya mkaratusi yamejaa kando ya barabara. Yaponde kidogo ndipo uyanuse. Waridi ukilikosa, tumia kitu chochote unachokikumbuka vizuri, kama majani ya chai, tangawizi au sabuni ya kuogea. Weka kila kimoja katika chupa ndogo yenye kifuniko. Unaponusa, fikiria kitu chenyewe na mahali ulipokutana nacho. Usikate tamaa ukikaa mwezi mzima bila kuhisi kitu, na usishtuke harufu ikianza kurudi imepotoka, kahawa ikanuka kama plastiki iliyoungua. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba neva zinajiunga upya, japo vibaya kwanza.

Mzee akianza kusema chakula cha mkewe hakina ladha tena, msigombane, mpelekeni akapimwe. Na yeyote aliyeanguka na bodaboda akagonga kichwa, kisha harufu ikapotea na maji maangavu yakawa yanadondoka kutoka tundu moja la pua, hayo huenda si mafua. Huenda ni maji ya ubongo yanayovuja kupitia ule mfupa wenye vitundu. Asipenge kamasi, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.